Sumaku na Mteremko: Namna ya Kuchora Ramani ya Udongo wa Shamba Lako Nairobi

Kosa la ndoo moja ndilo lililonifikisha kwenye kazi hii. Mzee mmoja mwenye ekari sita kusini mwa Karen aliniomba nimsaidie kupima udongo. Shamba lake linaanza kwenye mgongo wa ardhi nyekundu, linateremka taratibu, kisha linaishia kwenye kijito ambako udongo ni mweusi na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Tulichota udongo mahali kumi na tano, tukauchanganya kwenye ndoo, tukapeleka nusu kilo maabara. Maabara ilifanya kazi yake vizuri, lakini majibu yalikuwa ya udongo usiokuwepo popote shambani mwake. Haukuwa ule wa juu wala ule wa chini. Mzee akanunua mbolea kwa kufuata majibu hayo. Nikikumbuka bado naumia, maana pesa ilikuwa yake na ushauri ulikuwa wangu.

Tangu siku hiyo sichanganyi udongo kabla ya kujua mipaka yake. Mipaka hiyo naitafuta kwa mashahidi wawili wa bei nafuu: umbo la ardhi, na jinsi udongo unavyoitikia sumaku. Sumaku haipimi rutuba. Kazi yake ni kuonyesha udongo unapobadilika, ili zile sampuli chache unazoweza kulipia maabara zitoke mahali panapofaa.

Kwa nini sumaku ijue habari za udongo

Panda matatu Kikuyu asubuhi, shukia Embakasi, na njiani tazama kuta za mitaro inayochimbwa. Kabete utaona udongo mwekundu wenye kina kirefu, unaovunjika vipande vidogo vinavyong'aa kama karanga zilizomenywa. Wataalamu wanauita Nitisoli. Ukifika Embakasi, na vilevile kwenye nyanda za mbuga ya wanyama, udongo ni mweusi. Huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huo ni Vertisoli, ule ambao mafundi wa ujenzi huuita udongo wa pamba na kuuogopa. Pande zote mbili chini yake kuna miamba ya volkeno: fonolaiti, trakaiti na majivu yaliyoshikamana. Kilichotofautisha udongo huo ni mvua, mwinuko, na zaidi ya yote njia ya maji. Magharibi ardhi imeinuka na maji hupenya na kuondoka. Mashariki ni tambarare, maji hukaa.

Tofauti hiyo ya kilomita nyingi hujirudia kwa udogo ndani ya shamba moja, kutoka mgongoni hadi bondeni. Aliyeipa jina alikuwa mtu wa huku kwetu kikazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alipendekeza neno katena, la Kilatini, maana yake mnyororo: aina za udongo zinazofuatana kutoka juu hadi chini ya mteremko na kurudia mpangilio uleule kilima baada ya kilima. Wazo hilo sasa linafundishwa duniani kote, na lilizaliwa kwenye vilima vya Afrika Mashariki. Napenda wakulima walijue hilo.

Sasa sumaku. Udongo wetu umejaa chuma, lakini si kila chuma huvutwa sawa. Hematiti, inayoupa udongo wa Kabete wekundu wake, na goethiti, yenye rangi ya manjano, huvutwa kidogo sana. Magnetiti iliyotoka kwenye lava, na maghemiti inayozaliwa ndani ya udongo wenyewe, huvutwa kwa nguvu mara mamia kuliko hizo. Mchanga mwupe, maji na mboji havivutwi kabisa, bali husukumwa kidogo. Kwa hiyo namba unayoipata ni habari ya magnetiti na maghemiti: kiasi kilichorithiwa kutoka kwenye mwamba, kilichotengenezwa baadaye, na kilichopotea.

Hapo kwenye kupotea ndipo palipo na siri. Udongo ukilowa muda mrefu hewa huisha ndani yake, na bakteria wanaoishi humo huanza kukitumia chuma badala ya oksijeni. Chembe za magnetiti na maghemiti huyeyuka polepole. Ndiyo maana mara nyingi mgongo mwekundu unaokauka vizuri huitikia sumaku kwa nguvu, na bonde jeusi lenye kutuamisha maji huitikia kwa unyonge, hata kama yote mawili yametokana na lava ileile. Mteremko unaamua maji yaende wapi, na maji yanaamua chuma kibaki vipi.

Jambo lingine la kukumbuka: mwaka 1955 mtafiti wa Ufaransa, Eugène Le Borgne, alieleza kwamba udongo wa juu kwa kawaida huitikia sumaku kuliko ulio chini yake. Moto huongeza hali hiyo sana, kwa sababu joto pamoja na mboji hugeuza madini dhaifu ya chuma kuwa maghemiti. Mahali palipochomwa makaa au takataka patakupa namba kubwa isiyohusiana na mteremko.

Hatua ya kwanza: tembea kabla ya kupima

Nenda Januari au Februari, au kati ya Julai na Septemba. Masika ya Machi hadi Mei hayakufai, kwani bondeni utabeba kilo mbili za tope kila kiatu. Tembea na mwenye shamba, na kama yupo mzee aliyelilima kwa miaka mingi, yeye ndiye atangulie. Muulize maji husimama wapi baada ya mvua kubwa, mahindi huwahi kukauka wapi, jembe hugonga mwamba wapi, nyumba ya zamani na zizi vilikuwa wapi, na kama kuna udongo ulioletwa kwa lori.

Swali la lori usilisahau. Pande za Embakasi, Syokimau na Kitengela watu hununua udongo mwekundu na kuumwaga juu ya mweusi ili wapate bustani. Macho yatakwambia uko Kabete. Usipouliza, ramani yako itaanza na uongo.

Hatua ya pili: gawanya ardhi kwa umbo lake

Kwa eneo kubwa, pakua data ya mwinuko iliyokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000. Ni ya bure. Ifungue kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nayo ni ya bure, kisha itengenezee mteremko na mkunjo. Lakini kila kipande cha data hiyo kina upana wa mita 30 hivi. Ekari sita zitakuwa na vipande ishirini na saba tu, na ploti ya robo ekari ni kipande kimoja na ushee. Kwa shamba dogo tumia mpira wa maji wa fundi wa ujenzi, ule unaoonyesha usawa, au fremu ya mbao yenye umbo la A ambayo wakulima huitumia kupima makinga maji. Wawili mkishikana vizuri mtamaliza ekari sita kwa siku moja.

Mimi hugawa mteremko kama mwili: mgongo, bega, ubavu, mguu, na tumbo la bonde. Kisha naangalia mkunjo. Ardhi iliyobinuka kama gamba la kobe hutawanya maji na kupoteza udongo wake. Iliyobonyea kama kijiko hukusanya maji pamoja na udongo wa jirani. Ile iliyonyooka iko katikati ya hizo mbili. Weka vigingi vya mbao pale mteremko unapobadilika ghafla. Visiwe vya chuma, utaona sababu hivi punde.

Hatua ya tatu: chagua mahali pa kuchota

Usitupe nukta sawasawa kama ubao wa drafti. Piga mistari mitatu kutoka mgongoni hadi bondeni, ikifuata njia ambayo maji yangeteremka. Chota kila mita 20, na kila mita 10 unapokaribia vigingi, kwa kuwa hapo ndipo mabadiliko yanapojificha. Shamba la yule mzee lilipata nukta hamsini kwa mpango huu. Andika mahali kwa simu, lakini jua kwamba simu hukosea mita kadhaa. Pima umbali kwa kamba pia.

Kila nukta ichotwe vina viwili: sentimita 0 hadi 20, na 40 hadi 60. Kina cha pili wengi hukiruka ili wamalize haraka, nami nasisitiza wasikiruke. Ndicho kinachofichua udongo wa lori, kwa namba kubwa juu na kuanguka ghafla chini. Ndicho pia kinachofichua uchafu wa mjini. Kwenye udongo mweusi halisi tofauti ya vina hivyo huwa ndogo, kwani kila kiangazi udongo wa juu hudondokea kwenye nyufa na kujichanganya na wa chini. Hiyo nayo ni alama.

Futa nyasi na taka. Ukichota kwa chombo cha chuma, kwangua kwa kijiti cha mbao sehemu iliyogusana na chuma kisha uitupe, kwa sababu chembe moja ya kutu yaweza kuharibu kipimo. Kaa mbali na waya wa ua, mabati ya zamani, kando ya barabara na mlango wa karakana ya jua kali.

Hatua ya nne: kausha na chekecha

Anika kivulini juu ya karatasi mpaka ukauke kabisa. Usiuweke motoni. Vunja mabonge kwa mchi wa mbao, chekecha kwa chekecheo la plastiki au nailoni lenye matundu ya milimita 2, jaza vikopo vya plastiki vya ukubwa mmoja, shindilia kwa nguvu sawa, pima uzito wa udongo ulio ndani, bandika namba.

Hatua ya tano: kupima

Ukipata kifaa cha maabara, kazi ni nyepesi. Kinachotumika sana ni Bartington MS2 chenye kihisi cha vikopo vya mililita 10. Washa, subiri kitulie, pima hewa tupu, pima kikopo, pima hewa tena, kisha utoe wastani wa hewa kwenye kipimo. Kama hewa ya pili imetofautiana sana na ya kwanza, rudia. Toa funguo, simu na saa mfukoni na mkononi. Chukua namba ya kifaa, zidisha kwa 10, gawa kwa gramu za udongo. Tuseme kifaa kimesoma 820 na udongo una gramu 11.4: jibu ni 719 kwa kipimo cha 10⁻⁸ m³/kg. Kugawa kwa uzito ni lazima, la sivyo utakuwa unalinganisha jinsi ulivyoshindilia vikopo badala ya udongo.

Kihisi hicho husoma kwa masafa mawili, kilohezi 0.46 na 4.6. Usiache kupima yote mawili. Chukua kipimo cha masafa ya chini, toa cha masafa ya juu, gawa kwa cha chini, zidisha kwa 100. Kama ni 820 na 754, jibu ni asilimia 8. Asilimia ikiwa chini ya 2, chembe za sumaku karibu zote ni kubwa, yaani zimetoka moja kwa moja kwenye mwamba, au kwenye vumbi la barabara, kutu na moshi wa viwanda. Kati ya 2 na 10 ni mchanganyiko. Ikipita 10, zilizotawala ni chembe ndogo mno, za sehemu ya elfu ya milimita igawanywe tena mara thelathini au zaidi, ambazo hutengenezwa na udongo wenyewe au na moto. Kwa mji kama Nairobi asilimia hii ni hazina. Namba kubwa juu ya ardhi yenye asilimia ndogo, karibu na barabara, inanielekeza kwenye magari kabla ya udongo.

Na asiye na kifaa? Kifaa hicho ni ghali, na sitaki mtu aishie hapa kwa sababu hiyo. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, kama ile ya wauza vito. Juu yake simamisha kigogo chepesi cha mbao chenye kimo cha sentimita 10, ili sumaku isivuruge vyombo vya ndani ya mizani. Kileleni bandika sumaku ndogo yenye nguvu, ile yenye rangi ya fedha inayotolewa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Tengeneza daraja la mbao linalosimama mezani bila kugusa mizani, lenye mahali pa kukaa kikopo sentimita 1 juu ya sumaku. Rudisha mizani kwenye sifuri, weka kikopo darajani. Udongo unaoitikia utaivuta sumaku juu, na mizani itaonyesha namba hasi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa upande wa hasi, ndivyo udongo unavyoitikia.

Namba hii si ya kulinganisha na ya mtu mwingine, lakini ndani ya shamba lako inatosha kabisa kutofautisha mgongo na bonde. Masharti ni mawili. Umbali wa kikopo na sumaku usibadilike hata kidogo, na uwe na kikopo kimoja cha rejea unachokirudia kila baada ya vikopo kumi. Kikopo cha rejea kikibadilika, simama utafute sababu. Hapa pia gawa kila namba kwa uzito wa udongo.

Hatua ya sita: chora, kisha tilia shaka

Kwanza chora kila mstari peke yake: umbali chini, kimo cha ardhi na kipimo cha sumaku juu, kwenye karatasi moja. Kazi hii ya dakika kumi hunifundisha kuliko ramani za rangi. Pale namba inaposhuka ghafla na mteremko nao umevunjika, huo ni mpaka, weka alama nzito. Pale kimoja kimebadilika na kingine hakikubadilika, chimba shimo la sentimita 80 utazame kwa macho.

Mashimo hayo yamenifunza mengi. Kuna mahali mguuni mwa mteremko niliona namba kubwa kuliko mgongoni, nikadhani nimekosea. Shimo lilionyesha mchanga mweusi uliosombwa na maji na kujikusanya. Ni uleule unaouona ukiwa umejipanga michirizi kando ya barabara baada ya mvua, ambao sumaku huuzoa kama manyoya. Mahali pengine, kwenye mpaka wa mwekundu na mweusi, kulikuwa na maramu, yale mawe madogo ya chuma, juu ya mwamba ulio karibu. Na safari moja nilipata mstari wa namba kubwa ulionyooka kama rula. Udongo haunyooki hivyo. Ulikuwa ua wa waya uliong'olewa zamani, kutu yake ikabaki ardhini.

Ukiwa na nukta kama mia moja, unaweza kutumia krigingi, yaani hesabu ya takwimu ya kompyuta, kukadiria maeneo yaliyo katikati. Kwa nukta hamsini usiilazimishe. Tumia ukadiriaji wa umbali, ambapo nukta iliyo karibu huhesabiwa zaidi, au chora mipaka kwa mkono ukifuata kontua, yaani mistari ya kimo sawa. Mkono unaoijua ardhi huchora vizuri.

Kisha kagua kila kanda, yaani eneo lililo kati ya mipaka uliyochora. Tafuta mkengeuko wastani wa vipimo vyake vya sumaku, yaani jinsi vinavyotawanyika, gawa kwa wastani wa vipimo hivyo, zidisha kwa 100. Chini ya 15, kanda ina udongo wa namna moja. Kati ya 15 na 35 inakubalika. Zaidi ya 35, huenda umefunga kanda mbili ndani ya moja: rudi shambani.

Hatua ya saba: sasa peleka maabara

Hapa ndoo inaruhusiwa, ila kila kanda na ndoo yake. Chota mahali kumi hadi kumi na tano ndani ya kanda moja, changanya, peleka nusu kilo. Maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, ziko Kabete. Shamba la mzee lilitoa kanda tatu, hivyo sampuli tatu, na majibu yakaacha kugombana na macho yake.

Udongo mwekundu wa juu huwa na oksidi nyingi za chuma na alumini zinazong'ang'ania fosforasi. Usiitawanye mbolea ya fosforasi juu ya ardhi, iweke kwenye shimo la mbegu pamoja na samadi, na usikilize maabara inasemaje kuhusu chokaa. Udongo mweusi wa chini mara nyingi una kalsiamu ya kutosha na huhifadhi virutubisho. Shida yake ni maji, kwa hiyo matuta yaliyoinuliwa na mtaro huja kabla ya mfuko wa mbolea. Na kama mwenye shamba anafikiria kujenga, mwonyeshe mpaka wa mweusi kwenye ramani leo, kabla fundi hajachimba msingi. Nyufa za kuta hazitengenezeki kwa rangi.

Vikopo vyako usivimwage. Vipange kwenye sanduku la mbao kwa namba zake, pamoja na kikopo cha rejea na karatasi yenye mistari mitatu. Jirani wa yule mzee alipotaka kupimiwa mwaka uliofuata, tulianza kwa vikopo vya mzee, na saa nne asubuhi tulikuwa tayari tunajua kigingi chake cha kwanza kikae wapi.